Kabla hujaisifu boila, kagua mabomba yake: tathmini ya dohani ya InnoFlue, chupa ya chokaa na pampu ya VCMA-20ULS

Muuzaji wa boila, ile mashine ya gesi inayochemsha maji ya kupasha nyumba joto, atakuonyesha namba moja: asilimia 95, yaani sehemu ya nishati ya gesi inayogeuka joto la kutumika. Namba hiyo ni ya kweli, lakini haisemi lolote kuhusu vitu viwili vinavyotoka kwenye boila usiku kucha, yaani moshi uliopoa na maji yenye tindikali. Vyote viwili hupita kwenye mabomba yaliyo nje ya kasha la boila, na mabomba hayo mara nyingi huchaguliwa asubuhi ya kazi kwa kuangalia kilichomo kwenye gari la fundi. Nyumba ikija kujaa hewa ya sumu, au sakafu ya chini ikilowa katikati ya Januari, chanzo huwa hapo.

Kwa hiyo tathmini hii inawaacha wenye boila na sifa zao na kushughulikia vifaa vitatu vya pembeni: bomba la dohani la plastiki ya polipropilini linaloitwa InnoFlue, kutoka kampuni ya Centrotherm; chupa ya chokaa ya kupunguza tindikali; na pampu ya maji ya mtonesho, yaani yale yanayotona moshi unapopoa, ya kampuni ya Little Giant, aina ya VCMA-20ULS. Vinapatikana Marekani na Kanada. Wasomaji tunaowafikiria zaidi ni ndugu zetu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda na sasa wanaishi sehemu kama Portland na Lewiston, jimbo la Maine, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa maji ya moto yanayozungushwa na boila. Walioko Uingereza tuna neno lao pia, huko chini.

Hukumu yetu kwa kifupi: bomba la InnoFlue linastahili bei yake kwenye nyumba yoyote yenye redieta za zamani za ukutani. Chupa ya chokaa ni ya lazima, ila usinunue ile iliyofungwa isiyofunguka. Pampu ni nzuri na imara, lakini mafundi wengi huunganisha waya zake za usalama mahali pasipofaa, au huziacha zikining'inia.

Kwa nini dohani ya zamani haifai

Boila ya zamani ilitoa moshi wa moto sana, nyuzi 150 za Selsiasi na zaidi, nao ukapanda wenyewe kwenye dohani ya matofali. Boila ya mtonesho huukamua moshi joto lake mpaka mvuke uliomo ndani ugeuke maji. Kwa gesi asilia, mtonesho huanza pale moshi unapogusa chuma kilicho chini ya nyuzi 55 hivi, na takriban asilimia 10 ya nishati ya gesi hiyo imejificha kwenye mvuke huo. Hapo ndipo ile 95 inapopatikana. Maji yanayorudi kutoka kwenye redieta yakiwa na nyuzi 70, mtonesho hakuna, na boila uliyoinunua kwa bei ya juu inafanya kazi karibu sawa na ya kawaida.

Moshi unaobaki ni wa vuguvugu na hauna nguvu ya kupanda, hivyo feni huusukuma nje. Maana yake bomba lina shinikizo ndani. Dohani ya matofali ikiwa na ufa, kwa kawaida huvuta hewa ya nyumbani kuingia kwenye dohani. Bomba la boila ya mtonesho likiwa na ufa hutema moshi ndani ya nyumba. Mwenye nyumba akilielewa hili moja, mengine yote yanafuata: kila kiungo kisivujishe hewa, kisivujishe maji, na kisiliwe na tindikali. Bati la mabati huoza. Alumini laini ya kukunjwa huoza. Saruji iliyo kati ya matofali nayo huliwa kidogo kidogo mpaka matofali yanaachana, na hakuna anayeona mpaka dohani imeinama.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hulisahau kabisa. Ukitoa boila ya zamani kwenye dohani na kuliacha tangi la maji ya kuogea likitumia dohani ile ile peke yake, dohani sasa ni kubwa mno kwa moshi mdogo wa tangi. Moshi unapoa njiani, unatona ndani ya matofali, au unarudi chini na kuingia chumbani. Dai dohani iwekewe bomba jembamba la ndani kwa ajili ya tangi hilo, au tangi lenyewe libadilishwe siku hiyo hiyo. Hili ulizie kabla ya kutia sahihi, kwa sababu likija baadaye litakuwa na bili yake.

Bomba: InnoFlue dhidi ya PVC

Polipropilini ni plastiki ya jamii ile ya vyombo vya chakula vinavyoingia kwenye maikrowevu. InnoFlue imeidhinishwa kwa moshi wa hadi nyuzi 110, chini ya kiwango cha UL 1738 kwa Marekani na ULC S636 kwa Kanada. PVC nyeupe ambayo kila fundi bomba anaijua huishia kwenye nyuzi 60 hadi 65. CPVC, jamaa yake inayostahimili joto zaidi, hufika 90. Tena viwango vya bomba la kawaida la PVC, kama ASTM D1785, viliandikwa kwa ajili ya kupitisha maji. Kanada ilishalimaliza suala hili: bomba la plastiki la kutolea moshi lazima liwe na chapa ya S636. Marekani bado kunategemea kitabu cha mtengenezaji wa boila, na vitabu vingi vinaruhusu PVC.

Je, PVC ni mbaya? Kwenye nyumba yenye mabomba ya joto chini ya sakafu, ambako maji hurudi na nyuzi 35, moshi utatoka na nyuzi 40 hivi na PVC nene itakaa miaka mingi bila shida. Lakini nyumba nyingi za Maine zina redieta ndefu za mapezi zinazokaa chini ya ukuta, na hizo zilipimwa kwa maji ya nyuzi 82. Siku ya baridi kali kuliko zote boila hulazimika kupandisha maji mpaka huko, na moshi hufuata joto la maji yanayorudi, nyuzi 70 au zaidi. Yaani bomba linazidiwa siku ile ile ambayo familia haiwezi kukaa bila joto. Dalili zake zinaonekana kwa macho: kipande cha kwanza juu ya boila kinageuka rangi ya chai ya maziwa, kisha kahawia, kisha kinalegea kati ya vishikizo, na mwisho kiwiko cha kwanza kinapata ufa mwembamba kama unywele kwenye ukingo wa gundi. Ukiona rangi hiyo, usingoje ufa.

Kama ni lazima utumie PVC, iwe ile nzito yenye ukuta mmoja mgumu. Kuna bomba la PVC lenye povu katikati ya ukuta wake, jepesi na rahisi. Ukilikata unaona tabaka tatu kama biskuti ya krimu. Hilo lisitumike kutolea moshi, hata duka likikuambia ni lile lile.

Sasa ufungaji wa InnoFlue, maana bomba zuri lililofungwa vibaya ni hatari kuliko la bei poa lililofungwa vizuri.

Kwanza fungua kitabu cha boila kwenye jedwali la mabomba yanayoruhusiwa. InnoFlue isipokuwemo, acha. Ikiwemo, jedwali litataja adapta ya kuanzia kwenye mdomo wa boila. Usichanganye bomba la kampuni moja na kiungo cha nyingine: vipimo vinakaribiana, vinaingiana kwa nguvu, lakini mpira hauzibi sawasawa.

Bomba hili halipigwi gundi, na hata ukijaribu gundi haishiki. Kila kiungo kina pete ya mpira ndani ya mfuo wake, na nje kuna pete ya kufungia inayozuia bomba lisichomoke. Kata bomba likiwa limenyooka kabisa, kisha pitisha tupa kwenye ukingo wa nje mpaka uwe laini, kwa sababu ukingo mkali huchana mpira wakati wa kusukuma na hutaona. Pitisha kidole kuzunguka mfuo uhakikishe mpira umekaa wote. Paka maji ya kawaida au kilainishi cha kampuni. Mafuta ya injini na grisi ya petroli huvimbisha mpira. Sukuma huku ukizungusha kidogo mpaka mwisho, halafu weka pete ya kufungia. Pete hizo ndizo mafundi wanaoharakisha huziacha kwenye boksi. Bila hizo, bomba hupanuka na kusinyaa kila boila inapowaka na kuzima, na polipropilini hupanuka kuliko PVC, hadi siku moja kiungo kimechomoka na moshi unaishia chumbani.

Wakati wa baridi kali ingiza mabomba ndani saa kadhaa kabla ya kazi. Polipropilini iliyolala kwenye gari usiku wa barafu huwa kavu kama kigae na hupasuka ikidondoshwa. Na sehemu inayobaki juani itumie bomba jeusi la nje. La kijivu huchakazwa na jua.

Mteremko ndio mahali kazi nyingi huharibika. Bomba la moshi lilalo literemke kurudi kwenye boila, angalau robo inchi kwa kila futi, au zaidi kama kitabu cha bomba kinadai, ili maji yanayotona ndani yake yarudi kwenye mtaro wa boila yenyewe. Kwa umbali wa futi 12 hadi ukutani, hiyo ni inchi 3 kamili. Fundi anayetoboa ukuta kwanza, kisha akaleta bomba, hujikuta tundu liko sawasawa na kiwiko cha boila na mteremko hauna pa kutoka. Kukagua ni rahisi na unaweza kufanya mwenyewe: chukua pimamaji ya inchi 24, weka kipande cha mbao cha nusu inchi chini ya ncha iliyo upande wa boila, kisha ilaze juu ya bomba. Kiputo kikikaa katikati, mteremko ni sahihi. Kikikimbilia upande wa boila, mteremko hautoshi, na huenda maji yanaelekea nje kugandia mdomoni.

Vishikizo viwe kila mita moja hivi kwa polipropilini. Bomba likipinda katikati, maji hukaa kwenye bonde hilo. Mwanzoni utasikia sauti kama mtu anayepuliza mrija kwenye glasi. Baadaye, boila ikijaribu kuwaka kwa nguvu zote, shinikizo linapanda na inajizima, huku ikiwaka vizuri kwa moto mdogo. Fundi hubadilisha kihisi, hubadilisha feni, na tatizo linabaki kwa sababu liko dohani. Tukisikia boila inazima kwenye moto mkubwa tu, tunaanza na pimamaji.

Hesabu pia urefu. Kila kiwiko cha nyuzi 90 huhesabiwa kama futi kadhaa za bomba lililonyooka, mara nyingi 5 hadi 8 kulingana na boila. Futi 20 zenye viwiko vitatu vya futi 5 kila kimoja ni futi 35, na kikomo cha bomba la inchi 2 hufika upesi kuliko unavyodhani. Kama uko karibu na kikomo, panda kwenye inchi 3 tangu mwanzo.

Kasoro za InnoFlue? Bei yake inazidi ya PVC kwa mbali, na kiungo kimoja ulichosahau hakipatikani kwenye duka la vifaa la jirani, unasubiri msambazaji. Panga orodha ukiongeza kiwiko kimoja na pete mbili za akiba. Kipande chenye tundu la kupimia moshi kiagizwe pamoja, kama adapta ya boila haina, maana bomba hili halitobolewi.

Mdomo wa nje

Kwa jimbo lenye theluji, mdomo uwe angalau inchi 12 juu ya kimo ambacho theluji hufikia, na si juu ya udongo. Bomba la moshi liwe juu ya lile la kuvutia hewa, na yatenganishwe kama kitabu cha boila kinavyoagiza. Yakikaribiana, au yakiwa kwenye kona ya ukuta, boila huvuta moshi wake yenyewe; moto unadhoofika, na barafu inajenga ndani ya bomba la hewa mpaka linaziba. Wavu wa kuzuia ndege wenye matundu madogo nao huganda. Usiuweke mdomo juu ya njia ya miguu wala karibu na dirisha linalofunguka: moshi huu ni mweupe na mzito, na matone yake hugeuza ngazi kuwa kioo.

Baada ya kuwasha, fundi apime moshi kwa mashine. Boila nyingi za gesi asilia hukaa kati ya asilimia 8.5 na 9.5 ya kaboni dioksaidi, na za propani karibu asilimia 10. Kipimo kamili kiko kitabuni. Dai namba ziandikwe kwenye karatasi. Fundi asiye na mashine hiyo hajamaliza kazi, hata kama redieta zimepata moto.

Maji ya mtonesho: trapu kwanza

Boila ya BTU 100,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), ikitona vizuri, inaweza kutoa hadi galoni moja kwa saa, karibu lita 4. Siku ya baridi ambapo moto umewaka jumla ya saa 8, hizo ni lita 30: ndoo kubwa na nusu, kila siku, majira yote ya baridi. Maji hayo ni maangavu kama ya mvua, lakini pH yake, yaani kipimo cha tindikali ambacho kadiri namba inavyoshuka chini ya 7 ndivyo ukali unavyozidi, huwa kati ya 3 na 5. Hula shaba, hula chuma cha bomba la taka, hula zege la sakafu likawa chenga. Kwa hiyo kuanzia boila mpaka chupa ya chokaa tumia plastiki tu, wala usiweke kiwiko kimoja cha shaba kwa sababu kilikuwepo mfukoni.

Chini ya boila kuna trapu. Kazi yake ni kuruhusu maji yapite na kuzuia moshi usipite, na inazuia moshi kwa maji yaliyokaa ndani yake tu. Trapu ikiwa kavu, feni inasukuma moshi wenye kaboni monoksaidi kupitia bomba la maji hadi chumbani. Ndiyo maana kila kitabu cha boila kinasema trapu ijazwe maji kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Inachukua dakika mbili: ifungue, ijaze mpaka maji yaanze kutoka upande wa pili, ifunge. Boila iliyozimwa majira yote ya joto nayo irudiwe hivyo, kwa kuwa maji huwa yamekauka. Hatujui kosa jingine dogo kiasi hiki lenye uwezo wa kuua familia nzima usingizini. King'ora cha kaboni monoksaidi kiwepo karibu na vyumba vya kulala. Kikilia, tokeni nje nyote, ndipo mpige 911.

Baada ya trapu, acha nafasi wazi ya hewa kabla maji hayajaingia bomba la taka. Bomba la chini likiziba, maji yatamwagika nje mahali unapoona, badala ya kupanda hadi ndani ya kibadilisha joto, sehemu ya boila ambamo moshi hupasha maji. Na usiunganishe bomba la vali ya kupunguzia shinikizo na bomba hili la maji ya mtonesho. Lile linatoa maji ya moto kwa nguvu, hili ni la kudondosha.

Chupa ya chokaa

Ni bomba nene au kisanduku cha plastiki kilichojazwa vipande vya chokaa au marumaru, yaani kalsiamu kaboneti. Maji yanaingia upande mmoja, yanapita katikati ya mawe, yanatoka upande wa pili yakiwa yamepoteza ukali. Baadhi huchanganywa na magnesiamu oksaidi, ambayo ina nguvu zaidi. Hufanya kazi haraka, ila maji yakikaa muda mrefu ndani yake pH inaweza kupita 9, na mawe yanaweza kushikana yakawa tofali.

Tunapendelea yenye ukuta unaoona ndani na kifuniko kinachofunguka kwa mkono. Ile iliyofungwa kabisa unalazimika kuitupa nzima kila mwaka, na huwezi kujua lini imekufa. Mawe hayaishi tu kwa kuliwa. Hupata utando unaoteleza, na maji hujichongea njia moja juu yao bila kugusa mengine. Kwa macho chupa bado imejaa, kumbe haifanyi kazi. Kipimo cha kweli ni karatasi ya pH: chovya kwenye maji yanayotoka. Ikisoma 6 hadi 7, sawa. Ikishuka chini ya 5.5, toa mawe, yasuuze kwa maji mengi, ongeza mapya. Pima mara mbili kwa msimu, Desemba na Februari.

Chupa ikae chini kuliko mdomo wa kutolea wa trapu. Tumeona mara nyingi mno imefungwa ukutani kwa urefu sawa na boila kwa sababu pale palikuwa na nafasi. Maji yanarudi nyuma, trapu inafurika, na boila inagugumia kisha inazima. Na ukijaza mawe mapya, yasuuze kwanza kwenye ndoo mpaka maji yawe safi, la sivyo unga wake utaziba pampu wiki hiyo hiyo.

Pampu ya VCMA-20ULS

Kama kuna bomba la taka chini kuliko boila, usinunue pampu. Mteremko hauhitaji umeme. Lakini kwenye vyumba vya chini ya ardhi, bomba la taka mara nyingi hutoka kwa kimo cha kifua, na hapo pampu haikwepeki.

Hii ni pampu ndogo ya volti 115 yenye tangi la nusu galoni na boya linaloiwasha maji yakipanda. Kikomo chake ni futi 20 za kupandisha. Zingatia: kwenye futi 20 haitoi hata tone, ndipo inaposhindwa. Sisi hatuipandishi zaidi ya 12 hadi 15. Chupa ya chokaa iwe kabla ya pampu, si baada yake, ili pampu na bomba lake vipokee maji yaliyokwisha kupoa ukali.

Herufi S ya mwisho ni ya swichi ya usalama, na ndiyo sababu ya kuichagua. Maji yakipita kimo cha kawaida, swichi inakata. Mafundi wengi huikatisha kwenye waya wa themostati, kidhibiti joto cha chumbani. Inaonekana sawa, lakini boila nyingi pia hupasha tangi la maji ya kuogea, na ombi hilo halipiti kwenye themostati. Pampu imekufa, themostati imekatwa, mtu anaoga, boila inawaka, maji yanamwagika. Waya hizo ziende kwenye vituo vya usalama vya boila yenyewe, vile vinavyozuia moto wa aina zote. Halafu jaribu: chomoa pampu, mimina maji kwenye tangi mpaka yapite kimo cha kawaida, boila izime. Isipozima, kazi haijaisha.

Bomba la kutolea lisipitie gereji wala dari isiyo na joto, na lisitolewe nje ya ukuta. Litaganda usiku wa kwanza wa baridi. Pampu isichomekwe kwenye soketi inayozimwa na swichi ya taa ya chumbani, kosa ambalo hugunduliwa na mgeni anayezima taa. Ina sauti ya kunguruma kwa sekunde chache kila inapofanya kazi. Juu ya sakafu ya mbao weka kipande cha mpira chini yake. Utelezi wa kijani au wa kahawia hukua ndani ya tangi, na boya likigandamana nao pampu haiwaki. Fungua, sugua, suuza, mara moja kwa mwaka.

Kwa walioko Uingereza

England na Wales boila za mtonesho zimekuwa karibu za lazima tangu Aprili 2005, na vipimo ni tofauti. Bomba la maji ya mtonesho likiwa ndani ya nyumba huwa la milimita 22, na likitoka nje lipanuliwe hadi milimita 32, lifunikwe kwa kifuniko cha kuzuia baridi kisichopenya maji, lisizidi mita 3 nje, na literemke angalau milimita 45 kwa kila mita. Watengenezaji wengi sasa husema 52. Bora zaidi lisitoke nje kabisa, liingie kwenye bomba la sinki au la choo ndani ya nyumba. Desemba 2010 mabomba membamba ya nje yaliganda kwa wingi nchini kote na boila zikazima. Likiganda, mimina maji ya vuguvugu juu ya bomba, yasiyochemka, kuanzia mwisho wa chini, kisha bonyeza kitufe cha kuanzisha upya. Ukisikia boila inagugumia kwanza, hiyo ndiyo dalili.

Nani afanye nini

Bomba la moshi, gesi na upimaji ni kazi ya mwenye leseni: Uingereza aliyeandikishwa Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi; Ontario, Kanada, mwenye cheti cha TSSA, mamlaka ya usalama ya jimbo hilo; Maine fundi mwenye leseni ya jimbo. Mwenye nyumba anaweza kukagua mteremko, kupima pH, kusafisha pampu na kufuta theluji mdomoni.

Trapu isafishwe kila mwaka na fundi pamoja na kibadilisha joto. Boila yenye kibadilisha joto cha alumini huacha matope meupe mazito kama uji. Ya chuma cha pua huacha chenga nyeusi zinazofanana na machicha ya kahawa. Zote huishia kwenye trapu. Simama pale fundi anapoirudisha, na umwangalie akimimina maji ndani yake kabla hajawasha.